Kivuli cha Sehemu ya Tatu

Sikuwa mwigizaji. Hilo lijulikane kwanza.
Nilikuwa mshika maikrofoni,
na fimbo yenyewe ilikuwa ya fagio la buibui
iliyokazwa kwa mpira wa baiskeli.
Malipo: sahani ya chipsi, na nauli ya kurudi Temeke.

Mchezo uliitwa *Chumba cha Uani*.
Sehemu sita, mwaka wa tisini na tano,
kila Jumatano saa mbili na nusu usiku,
umeme ukiwepo.
Sehemu ya pili umeme haukuwepo.
Tuliiona sisi wenyewe, na mlinzi wa kituo.

Tulirekodi kwa shangazi yake Mbaruku, Magomeni Mikumi,
kuku wamefungiwa bafuni,
muuza kahawa kahongwa asipite akigonganisha vikombe.
Sefu Kibwana, karani wa bandari, ndiye mwenye nyumba.
Chausiku Ndaro, fundi cherehani wa Mtaa wa Sikukuu,
ndiye mpangaji: anadaiwa kodi ya miezi minne
na hasemi mumewe yuko wapi.

Basi ile sehemu ya tatu, taa moja tu,
Chausiku kakaa kitandani anahesabu noti,
mkono wangu ukachoka.
Nikarudi nyuma hatua moja.
Ukutani, juu ya kichwa chake,
akasimama mtu mwembamba, shingo ndefu,
kichwa chenye manyoya kama shokishoki.

Mbaruku alikigundua siku ya kuunganisha picha.
Alinitukana mimi, akapanda hadi kwa babu zangu.
Mkanda mwingine hatukuwa nao.
Mwisho akasema, haya, nani ataangalia ukuta?

Waliangalia ukuta.

Dirishani kwa Mama Tabu, shilingi hamsini mtu mzima,
ishirini mtoto, bure aliyekuja na ndoo yake ya kusimamia,
likapigwa yowe, ndoo zikaanguka.
Kesho yake sokoni Ilala
Sefu alinyimwa nyanya.
"Mume wa mwenzio umemzika wapi?"
Mtu wa swala tano, karudi na kikapu kitupu,
akatusimulia huku anacheka,
halafu akaacha kucheka.

Barua zikaja kumi na saba.
Keko, Mburahati, moja kutoka Kigamboni:
*Yule marehemu mmempata wapi? Msimwache sehemu ya nne.*
Gazeti lilitupa mistari minne
chini ya tangazo la mabati:
taa hafifu, sauti yakwaruza, vijana wajitahidi.
Marehemu hawakumtaja.

Jumatatu Mbaruku akanijia, viatu mkononi kwa tope,
akaniuliza kwa adabu nisiyoizoea,
"Ndugu yangu, unaweza kusimama palepale tena?"

Tulijaribu mpaka adhana ya alfajiri.
Kikaja kivuli kifupi, kinene,
kivuli cha kijana aliyeshika fimbo.
Yule mwingine hakuja.

Mikanda ilikuwa ghali siku zile.
Juu ya sehemu zote sita
walirekodi harusi ya mtoto wa mkurugenzi.
Huwa nawaza kwamba Chausiku yumo bado,
chini ya keki,
anahesabu.

Juzi, Mwananyamala, foleni ya dirisha la dawa,
mama mmoja mbele yangu anamsimulia bintiye:
"Kulikuwa na mchezo, jina limenitoka.
Na yule dada, sijui nani, limenitoka pia.
Lakini ukutani alisimama mumewe aliyekufa.
Mrefu! Wala hakusema neno.
Wiki nzima nililala kwa bibi."
Binti hakuinua macho kwenye simu.
"Mnatunga tu, mama."

Nikakohoa. Nikasogea.
Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni,
imekaa hapo miaka thelathini.
Muuguzi akaliita jina langu, akalirudia,
dawa za bega,
bega la kulia, lile lisilopanda tena.

Nikanyoosha mkono wa kushoto.